Kwani utakuwa mvuvi?

Safu ya BARAZANI, na Salma Mwinyikombo

Mtu mzima akilia kwa sababu ya Simba au Yanga, hakuna anayemshangaa. Atachambua penalti ya msimu uliopita mpaka chai ipoe, atakutajia kikosi kilichocheza kabla yeye hajazaliwa, atakosana na baba mkwe wake, na watu watasema tu: mwacheni, huyo ana timu yake. Yanga ni ya 1935, Simba ya 1936. Klabu hizo zina umri wa kuwa babu zetu, na zimejipatia haki ya kumgeuza mwenye mvi kuwa mtoto kwa dakika tisini. Sina ugomvi na hilo. Ninachouliza ni kwa nini haki hiyo iishie uwanjani. Mwenye mvi huyohuyo akichuchumaa ufukweni kumtazama kaa anavyochimba shimo lake, wapita njia wataanza kunong'onezana: anatafuta madini huyo, au katumwa na mganga.

Mimi ugonjwa wangu ni maji ya bahari. Ninaishi Kigamboni na kibarua changu kiko mjini, na ingawa Daraja la Nyerere lilifunguliwa 2016, bado ninavuka kwa pantoni. Anayevuka kila siku hujifunza mteremko ule wa zege hata kama hataki. Maji yakijaa, mlango wa pantoni unalala karibu na barabara, unapiga hatua chache umefika juu. Yakipwa sana, zege lote linakuwa wazi. Sehemu ya chini ina utando wa kijani unaoteleza, kina mama wanavua viatu na kuvishika mkononi, na vijana wa maguta wanasukuma kreti za soda wawili wawili huku wa tatu akifuata na jiwe, analiweka nyuma ya tairi kila wanapopumua. Mmoja wao ndiye aliyenifungua macho. Nilimkuta kaegesha guta lake saa nne asubuhi, amekaa juu ya mzigo, wala hana haraka. Nikamuuliza anasubiri nini. Akasema leo bamvua, mama, saa hizi mlima ni mrefu, acha maji yarudi kidogo.

Nilikuwa nimepita pale kwa miaka bila kujua kwamba ule mlima una ratiba.

Nikanunua daftari la shule. Nikachagua alama yangu: mstari wa chaza walioganda kwenye ukuta wa bahari, mahali ninapopaona vizuri nikiwa kwenye foleni. Nikawa ninaandika saa, na maji yako juu ya chaza au chini yao. Shemeji yangu alipoliona daftari mezani akalifungua, akasoma ukurasa mzima kwa makini, akaniuliza, "Sasa hii inalipa?" Nikamwambia hailipi. "Kwani utakuwa mvuvi?" Nikamwambia hapana, shemeji, sitakuwa mvuvi. Akalifunga taratibu, kwa uso wa mtu anayepeleka pole msibani.

Simlaumu. Swali lake ndilo swali la mji mzima. Ukimwambia mtu unajifunza jambo, atakuuliza cheti kinatolewa na nani. Ukimwambia unafuga njiwa, atakuuliza kilo ni shilingi ngapi. Na jambo hili si la leo. Mwaka 1970 Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na madarasa yaliyofuata yakaitwa Kisomo chenye Manufaa. Watu walijifunza kusoma kwa vitabu vya kilimo cha pamba, migomba, ng'ombe, uvuvi. Nchi changa isiyo na fedha ilikuwa na haki ya kudai manufaa, na kazi ile ilikuwa kubwa mno, sitaki kuidogosha. Ila naona kama tulibaki na neno la mwisho tukaliacha la kwanza. Mpaka leo mtu mzima akitaka kujifunza lazima atoe sababu: semina ya ujasiriamali, kozi ya kuku wa kienyeji, Kiingereza cha kuombea kazi.

Shangazi yangu alikuwa mwanafunzi wa kisomo kile. Alifundishwa kusoma ili aelewe maandishi ya mfuko wa mbolea, akaelewa, na hakuishia hapo. Alianza kusoma magazeti yaliyofungiwa maandazi. Alikuwa anakikunjua kipande cha karatasi chenye mafuta, anakinyoosha juu ya goti, anasoma habari ya waziri aliyekwenda nchi fulani, inakatika katikati pale mkasi wa muuza maandazi ulipopita. Basi mtoto atatumwa kurudi dukani kuuliza kama kipande kingine kipo. Muuzaji alidhani anadai maandazi yaliyopungua. Sijui mwanamke aliyekuwa na hamu kuliko yule, na hamu yake haikumwongezea hata debe moja la mahindi.

Turudi kwenye daftari. Kitu cha kwanza kilichonishika ni uchelewaji. Maji yakifika kwenye chaza saa moja leo, kesho yatafika saa mbili kasoro dakika kumi hivi. Mwezi nao, kwa wastani, huchelewa kuchomoza kwa kiasi hichohicho. Dunia inajizungusha mara moja kwa siku, lakini katika muda huo mwezi umeshasogea kwenye njia yake, kwa hiyo Dar es Salaam inalazimika kuufuata kwa dakika hamsini za ziada, kama abiria aliyefika kituoni wakati daladala limeanza kuondoka.

Cha pili kilininyima usingizi. Kama mwezi ndio unaovuta maji, mbona yanajaa mara mbili kwa siku? Mwezi ni mmoja. Upande wa dunia uliogeukia mwezi tuseme umevutwa, sawa. Upande wa nyuma maji yanajaa kwa amri ya nani?

Nilipoanza kusoma nikagundua kwamba swali hili lilimtoa jasho Galileo, mtu aliyezielewa mbingu kuliko wengi wa zama zile. Katika kitabu chake cha 1632 alishikilia kwamba maji hujaa na kupwa kwa sababu ya mwendo wa dunia yenyewe, na akamshangaa mwanafalaki mwenzake, Kepler, kwa kuamini habari za nguvu za mwezi. Hesabu yake ilitaka maji yajae mara moja kwa siku, ikambidi asingizie kina na umbo la bahari ili apate ya pili. Nawaza angefikishwa Paje au Jambiani, kule Zanzibar. Kina mama wa mwani wa pale, ambao kilimo hicho walikianza kwa biashara mwishoni mwa miaka ya themanini, wangemweleza bila darubini kwamba mwezi ukiandama na ukiwa mpevu ndipo bahari inapokwenda mbali, na kwamba siku hizo maji yako chini kabisa mnamo saa nne au saa tano asubuhi, kila bamvua, mwaka hadi mwaka. Ratiba yao yote ya kazi imeegemea hapo.

Jibu alilitoa Newton mwaka 1687, na ukilipata linakaa kichwani. Mvuto hupungua kadiri unavyokwenda mbali. Maji yaliyo upande wa mwezi yanavutwa zaidi kuliko kiini cha dunia. Kiini nacho kinavutwa zaidi kuliko maji ya upande wa nyuma, kwa hiyo hayo yanaachwa nyuma. Bahari inanyooka na kutuna pande zote mbili, na sisi tunazunguka tukipita kwenye tuno zote mbili kila siku. Jua nalo linavuta, kwa nguvu isiyofika nusu ya ile ya mwezi. Vikiwa kwenye mstari mmoja vinasaidiana, tunapata bamvua, na hapa Dar es Salaam maji ya juu na ya chini yanapishana zaidi ya mita tatu. Mwezi ukiwa nusu kila kimoja kinavuta kwake. Ni maji mafu, na tofauti inaweza kushuka hadi karibu mita moja.

Nilimpelekea jibu hilo mzee mmoja pale Feri, mvuvi wa madema aliyestaafu kwa sababu ya mgongo. Nikamwamkia, nikamweleza yote, mpaka habari za kiini cha dunia. Akanisikiliza kwa adabu. Halafu akasema, "Vizuri, mwanangu. Lakini bamvua yenyewe mbona haiji siku ya mpevu? Inakuja kesho yake au keshokutwa." Nikafungua daftari. Kweli. Chaza wangu walikuwa wameniambia hivyohivyo na mimi sikuwasikia. Bahari ni nzito, ina sakafu na kingo na mikondo, inavutwa leo na kuitika baadaye. Yule mzee hakujua kuhusu Newton, na simu yangu iliyonipa Newton haikunipa keshokutwa.

Watu wakizungumza habari za udadisi hapa Tanzania hawakosi kumtaja Erasto Mpemba, na wana haki. Mwaka 1963, akiwa mwanafunzi wa sekondari ya Magamba, aliwahi nafasi kwenye friji kwa kuingiza mchanganyiko wake wa aiskrimu ukiwa bado wa moto, ukaganda kabla ya ule wa mwenzake ambao haukuchemshwa. Alipouliza sababu, mwalimu alimwambia amechanganyikiwa. Mimi lakini katika kisa hicho ninayempenda zaidi ni mtu mzima mmoja, Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam. Alikwenda kutoa mhadhara Mkwawa, Iringa, ambako Mpemba alikuwa amefika kwa masomo ya juu, na kijana akasimama na swali lake lilelile, safari hii la maji. Darasa likacheka. Osborne naye angeweza kucheka. Alikuwa na shahada, alikuwa mgeni wa heshima, na swali lilionekana kwenda kinyume na kila alichokuwa anafundisha. Akaahidi kwenda kulijaribu. Alilijaribu kweli. Fundi wake wa maabara alirudi na taarifa kwamba maji ya moto ndiyo yaliyotangulia kuganda, akaongeza kwamba wataendelea kurudia mpaka wapate matokeo yaliyo sahihi. Mwaka 1969 mhadhiri na kijana wakachapisha pamoja. Wanasayansi wangali wanabishana, na mwaka 2016 wengine walitoa vipimo vinavyolitilia shaka jambo zima, lakini hilo halimpunguzii Osborne kitu. Alikubali kuonekana hajui mbele ya vijana waliokuwa wanacheka.

Hapo ndipo naona shina la tatizo letu, zaidi ya hilo la kulipa. Kwetu mtu mzima ni wa kuulizwa. Ndiye anayejibu watoto, anayeshauri maharusi, anayesema neno la mwisho kikaoni. Ukishazoea kiti hicho, kuuliza kunaonekana kama kushuka. Kijana wa guta nilimuuliza kirahisi kwa sababu nilikuwa nimechoka kusimama. Ningekuwa kwenye gari lenye kiyoyozi nadhani ningepita. Na nimeona wenzangu wengi wenye akili kunishinda wakikaa mezani na jambo wasilolielewa, wanatikisa kichwa, wanasema "ndiyo, ndiyo", wanaondoka nalo hivyohivyo.

Sasa sikilizeni habari ya shemeji. Kazaliwa Mwanza, kakulia kandoni mwa ziwa, na bahari kwake ni mahali pa kula mishikaki Jumapili. Wiki iliyopita alinipigia simu usiku. Nikadhani kuna mgonjwa. Akaniuliza, kwa sauti ya chini kana kwamba hataki mkewe asikie, mbona Ziwa Victoria halijai wala halipwi, na mwezi ni uleule? Nikamwambia linavutwa pia, ila ni dogo kwa kazi hiyo. Bahari inapata kutuna kwa sababu imeenea kutoka bara hadi bara, na kinachotokea ziwani ni kidogo mno, kinapotelea kwenye mawimbi na upepo. Akanyamaza. Nikasikia anafungua droo, anatafuta kalamu.

"Na Tanganyika je? Lile ni refu, linapita kilomita mia sita."

Nikamwambia swali zuri. Akasema nisikate kwanza, kuna jingine, la Mto Pangani. Ilikuwa inakaribia saa tano, na yeye kesho yake alikuwa na kikao cha bajeti asubuhi na mapema.