Mizani ya Himo

Kipo kisa ambacho wasomaji wa pwani wamekwisha kukizoea kama wanavyoizoea hadithi ya sungura na fisi. Msafiri wa bei nafuu ameshuka Mlima Kilimanjaro na malengelenge miguuni. Moshi anatafuta basi la nauli ya chini kuliko yote. Basi linamfia Himo, kabla hata hajauacha mlima nyuma. Anakaa njia panda saa nne, anakula ndizi, anazungukwa na watoto. Dar es Salaam analaghaiwa tiketi ya boti. Baharini anatapika. Bandarini Unguja papasi wanamgombania, na chumba alichoahidiwa kina maji nusu ndoo na chandarua chenye matundu. Mwishowe, siku moja kabla ya kurudi kwao, anavaa miwani na mrija, anatumbukiza uso katika maji ya Mnemba, anawaona samaki wa manjano na buluu wakipita chini ya kifua chake, na dhiki zote zinageuka kicheko.

Kisa hiki huandikwa zaidi kwa lugha za Ulaya, lakini kimeanza kuandikwa kwa Kiswahili pia, na vijana wa mijini waliokwenda likizo na mkoba mgongoni. Wahakiki hukisifu kwa uchangamfu wake: mtu kapata tabu asinung'unike. Sifa hiyo hakistahili. Msimulizi hakunung'unika kwa sababu sehemu kubwa ya tabu haikuwa yake. Kila ukurasa anajivunia bei aliyoiteremsha, na hakuna ukurasa hata mmoja anapouliza ile sehemu iliyopungua imetoka katika tumbo la nani.

Himo, mahali lilipokufa basi, katika kisa hicho huitwa mahali pasipo na kitu. Ni mji ulio kiasi cha kilomita 25 mashariki ya Moshi, na barabara hugawanyika hapo: moja hupanda Marangu na Rombo, moja huenda Holili na kuvuka mpaka hadi Taveta, na moja hushuka Mwanga na Same kuelekea Tanga na Dar es Salaam. Ndizi za mlimani na mahindi ya tambarare hukutana sokoni mwake. Ndizi aliyokula msafiri akisubiri fundi ilishuka kichwani mwa mwanamke alfajiri ile, na kama ilimgharimu kidogo, ni kwa sababu hakuna aliyeihesabu shingo ya mwanamke huyo.

Tena Himo kuna kitu kimoja ambacho msafiri huyu angepaswa kukitazama kuliko vyote, nacho ni mizani. Hapo Njia Panda magari hupimwa. Lori hupimwa, basi hupimwa, na uzito uliozidi hutozwa. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 imeweka kikomo cha tani 56 kwa gari pamoja na mzigo wake. Madereva huilalamikia mizani, na zipo hila za kuikwepa, kama ile ya kuwaambia abiria wasogee mbele ili ekseli ya nyuma ipate nafuu. Lakini hakuna anayeifanya mizani kuwa mzaha. Dola imekiri kwamba lami huumia, na kwamba anayeiumiza hana budi kulipa. Kama lami imepata mtetezi, vipi vile vingine vilivyobebeshwa safari hii?

Na tuanze, kama anavyoanza mwenyewe, na mlima. Ada za Hifadhi ya Kilimanjaro hupangwa na mamlaka, nazo hazina mapatano: kiingilio cha kila siku, kitanda cha kibandani au kiwanja cha hema, ada ya uokoaji. Basi mtu anapozunguka ofisi za Moshi siku mbili akiwashindanisha mawakala, hadi mmoja akakubali kumshushia dola mia tatu, mia tatu hizo hazitoki serikalini. Aghalabu wakala naye hataki zitoke kwake. Zinatoka palipobaki, yaani ujira wa wapagazi, chakula chao, na idadi yao. Wapagazi wakipunguzwa, mizigo haipungui. Kanuni inasema mzigo wa mpagazi usizidi kilo 20, na lango la Marangu lina mizani yake. Lakini kutoka hapo ni Mandara, mita 2,720, kisha Horombo, mita 3,720, kisha Kibo, mita 4,700, na huko juu wa kupima hayupo. Tangu mwaka 2003 upo Moshi Mradi wa Kusaidia Wapagazi wa Kilimanjaro, ambao pamoja na kazi nyingine huwaazima wapagazi majaketi na viatu bila malipo. Kama bei ya soko ingekuwa ya haki, mtu afanyaye kazi penye barafu asingehitaji kuazima koti.

Siku ya mwisho wapagazi humwimbia mgeni "Jambo Bwana", wimbo uliotolewa mwaka 1982 na bendi ya Them Mushrooms ya Mombasa, huku wakingoja bakshishi. (Ndiyo tungo pekee ya Kiswahili atakayorudi nayo kwao. Wapenzi wa mashairi waumie kimyakimya.)

Katika jambo hili hata watangulizi wa ukoloni walikuwa na adabu zaidi. Johannes Rebmann, aliyeiona theluji ya Kilimanjaro tarehe 11 Mei 1848, aliliandika jina la kiongozi wa msafara wake, Bwana Kheri. Hans Meyer, aliyefika kileleni pamoja na Ludwig Purtscheller mwezi Oktoba 1889, alimtaja kitabuni Muini Amani, mtu wa Pangani, aliyebaki nao katika kambi ya juu. Mtu wa penye minazi na mikoko, akilinda hema kwenye ukingo wa barafu: hilo peke yake linatosha utenzi, na ni ajabu kwamba pwani haijaushughulikia. Meyer hakuja kuwatukuza Waafrika, na kilele kile alikipa jina la mfalme wake. Hata hivyo jina la Muini Amani hakuliacha. Msafiri wa leo hulala siku tano na watu kumi wanaombebea hema, maji na mayai, akashuka na jina moja tu, la kiongozi, tena limefupishwa ili litamkike.

Utetezi upo, nao una nguvu. Husemwa kwamba mgeni wa bei nafuu ni bora kuliko tajiri: hulala nyumba ya wageni ya mwenyeji, hula kwa mama lishe, hupanda daladala, na shilingi yake hubaki mtaani, ilhali mgeni wa hoteli kubwa hulipia yote kwao kabla hajapanda ndege, na kisiwani huacha taka tu. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Kuhusu sahani ya wali na maharage ya Himo, ni kweli tupu. Mama lishe huiona hasara yake kabla hajapakua, na akitaka hukataa. Bei hiyo imekubaliwa na yule atakayeibeba. Lakini utetezi huo huanguka palipo na mtu wa kati, kwa kuwa hapo anayepatana bei siye anayeilipa, na hasara huteremka hadi kwa yule ambaye hakuwepo walipokuwa wakipatana.

Ufukweni mambo ni hayo hayo ya Moshi, isipokuwa badala ya mpagazi kuna nahodha, na chini ya nahodha kuna mwamba. Nungwi, Kendwa na Matemwe, safari ya kwenda kuzamia Mnemba mara nyingi huuzwa na papasi asiyekuwa na chombo. Petroli haishuki kwa maneno matamu. Ada ya hifadhi nayo haishuki, maana Mnemba imo katika eneo la hifadhi ya bahari tangu mwaka 2002. Kinachoweza kuchezewa ni vichwa. Chombo kilichozoea watu kumi hutiwa kumi na sita, na makoti ya kujiokolea yakabaki yale yale kumi. Nahodha anakuta boya limekwisha kushikwa, naye hana muda wa kungoja kwa sababu mapatano yamemlazimu kurudi kuchukua kundi la pili. Anatupa nanga palipomfikia. Mgeni ambaye hajui kuogelea vizuri anaingiwa na maji katika mrija, anakohoa, anasimama juu ya tumbawe ili arekebishe miwani yake. Kisani tukio hili huwa ni la kuchekesha. Chini ya nyayo zake ni mnyama hai, ambaye aina zake nyingi huongezeka kwa milimita au sentimita chache tu kwa mwaka. Mwaka 1998 joto la bahari liliyababua matumbawe mengi ya magharibi ya Bahari ya Hindi hadi yakawa meupe kama chokaa. Yaliyopona yalipona bila msaada wa mtu, na kidole kimoja cha mguu chatosha kumaliza kilichoachwa na joto.

Si lazima iwe hivyo, na ushahidi hauko mbali. Kisiwa cha Chumbe kimehifadhiwa tangu mwaka 1994. Kina mabanda saba tu ya wageni, na walinzi wake walitoka miongoni mwa wavuvi. Wanafunzi wa skuli za Zanzibar hupelekwa huko kuuona mwamba bila kulipa. Wasafiri wa bei nafuu hulalamika kwamba Chumbe ni ghali. Ni ghali, na ughali huo ndio mshahara wa mlinzi na ndiyo nauli ya mwanafunzi. Chumbe kuna mtu aliyekaa akapima mwamba unaweza kuvumilia watu wangapi, kisha akathubutu kuwakataa waliozidi. Kwa hesabu hiyo Chumbe ni ndugu wa Himo kuliko wa Nungwi.

Imebaki ile boti ya sura ya tatu, ambamo msafiri wetu alitapika. Boti chakavu iliyojaa kupita kiasi ni kipengele kinachopendwa sana cha visa hivi: kuku miguuni, mbatata mapajani, mtoto wa jirani usingizini begani mwako. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 meli ya MV Spice Islander I, ikitoka Unguja kwenda Pemba, ilizama mkondoni karibu na Nungwi. Ruhusa yake ilikuwa watu wapatao 600. Tume iliyochunguza ilieleza kwamba walikuwamo zaidi ya 2,400. Mwaka haujapita, tarehe 18 Julai 2012, MV Skagit ikitokea Dar es Salaam ikazama karibu na Chumbe. Nungwi na Chumbe, majina mawili ambayo mgeni anayajua kwa samaki, Mpemba anayajua kwa hitma. Waliojaa katika vyombo vile hawakuwa wakitafuta kisa cha kusimulia. Wengi walipanda chombo kilichojaa kwa sababu ndicho kilichokuwepo.

Mwaka 2002, katika Ziwa Chala, kaskazini mashariki ya Himo mpakani na Kenya, msichana wa Kiingereza aliyekuwa akiogelea aliuawa na mamba. Hakuna aliyelifanya hilo kichekesho, wala haikupasa. Heshima ile ile haijawafikia wa Spice Islander katika maandishi ya safari: boti iliyozidi mzigo imeendelea kuwa sura ya kufurahisha baada ya mwaka 2011 kama ilivyokuwa kabla yake. Mwandishi anayeiandika hivyo leo, kwa Kiingereza au kwa Kiswahili, ama hajui, na basi asiandike juu ya visiwa hivi, au anajua, na basi anacheka juu ya makaburi.

Itasemwa kwamba safari ni safari, na kwamba aina hii ya uandishi haiwezi kubeba uzito wote huu. Inaweza, na Kiswahili kilikwisha kuonyesha. Mwaka 1901 Carl Velten alichapisha Ujerumani mkusanyiko wa Safari za Wasuaheli. Humo yumo Selim bin Abakari, mtu wa asili ya Ngazija, mtumishi wa Mjerumani Bumiller, aliyekwenda na bwana wake hadi Urusi na Siberia mwaka 1896 na kuyasimulia kwa Kiswahili aliyoyaona. Katika habari ile mwenye kusimulia ni yule ambaye kwa kawaida angekuwa kivuli nyuma ya mkoba. Kitabu kinasomeka, kinachekesha panapostahili, na mtumishi hapotei ndani yake.

Zaidi ya miaka mia moja imepita, na fasihi ya safari ya Kiswahili haijapata habari ya mpagazi wa Marangu iliyoandikwa na mpagazi, wala ya nahodha wa Matemwe iliyoandikwa na nahodha, zinazojulikana kama ile ya Selim. Si kwamba hawajui kuandika. Uchagani skuli zilifika mapema kuliko sehemu nyingi za bara. Utingo aliyelala chini ya basi pale Himo, spana mkononi na mafuta usoni, wakati msafiri akiandika daftarini kwamba hapa hapatokei kitu, huenda naye alikuwa na la kusema juu ya saa nne zile, na juu ya tajiri wake aliyekataa kununua mkanda mpya wa injini ili nauli ibaki ya chini kuliko zote. Majarida ya visiwani hayakosi mashairi ya kuusifu mchanga mweupe na maji ya zumaridi. Yangeweza kuyapumzisha kwa toleo moja, nafasi hiyo apewe utingo.