Wazazi, Maporomoko ya Sipi Si ya Watalii Peke Yao



Kila shule zinapokaribia kufunga, barua za safari huanza kuletwa nyumbani. Darasa linakwenda Sipi, au linakwenda Murchison, mzazi atie saini na alipe. Na kila mara, basi likishaondoka, wanaobaki ni watoto wetu, hasa mabinti. Tunawajua, kwa sababu wengine tunalala nao nyumba moja.

Hatuwalaumu wazazi wanaokataa. Sababu zao tumekuwa nazo sisi wenyewe: Adhuhuri itaswaliwa wapi, nyama hiyo kachinja nani, na nani atamwangalia binti hadi basi lirudi usiku. Haya si mambo ya kuchekwa. Kosa letu ni kwamba tukishakataa, tunaishia hapo. Mtoto akiuliza, "Basi Baba, wewe utatupeleka lini?" tunamjibu in shaa Allah, na sote nyumbani tunajua maana yake ni hapana. Neno tukufu kama hilo kuligeuza kuwa njia ya kumnyamazisha mtoto, tuogope.

Waliokaa Jinja wanajua jambo hilo linavyoweza kuishia. Maporomoko ya Bujagali yalikuwa kilomita chache tu kutoka mjini, Nile ikipita juu ya mawe kwa kishindo. Tulisema tutawapeleka watoto Idi hii, halafu Idi ile. Ujenzi wa bwawa ukaanza mwaka 2007, na mwaka 2011 maji yakapanda, yakayafunika maporomoko yote. Umeme wa megawati 250 tumeupata, alhamdulillah, na si haki kuulaani huku tunausomea Qur'ani usiku. Lakini kwa mtoto aliyezaliwa baada ya hapo, Bujagali ni jina la kituo cha umeme tu. Na wazee waliotutangulia waliyapoteza vivyo hivyo maporomoko ya Ripon, pale Nile inapotoka ziwani, yaliyozama kwa bwawa la Owen Falls lililofunguliwa mwaka 1954.

Sipi bado ipo. Ukitoka Mbale unapanda mlima Elgon kuelekea Kapchorwa, barabara ya lami, na mchana huo huo unaweza kurudi. Elgon ni volkano iliyozimika zamani sana, na mto Sipi unashuka kwenye ubavu wake kwa hatua tatu. Poromoko la chini ndilo refu kuliko yote, karibu mita 100, maji yanajirusha kutoka ukingo wa mwamba mpaka chini kabisa. Unayasikia kabla hujayaona. Jua likiwa mgongoni mwako, ndani ya rasharasha unaona upinde wa mvua, na mtoto anayeuona kwa mara ya kwanza huwa hasemi kitu kwa muda. Pembeni ni migomba na kahawa ya Wasabiny, wenyeji wa pale.

Mzee wetu mmoja tulipomweleza haya baada ya swala ya Ijumaa alisema, "Maji ni maji tu, wanangu, hata bombani yapo." Tulicheka naye. Lakini tulimkumbusha Suratul Baqara, aya ya 74, ambapo Allah (S.W.T.) anazitaja nyoyo zilizosusuwaa kuliko mawe, kwani katika mawe yamo yanayobubujika mito, na yamo yanayoporomoka kwa kumcha Yeye. Watoto wetu wameihifadhi aya hiyo madrasa, na tajwidi yao ni nzuri mashallah. Jiwe lenye mto hawajaliona. Na katika Suratul Ankabut, aya ya 20, tumeamrishwa kutembea katika ardhi na kutazama jinsi uumbaji ulivyoanza. Hatujaona mahali palipoandikwa kwamba amri hiyo ni ya wazungu wenye kamera.

Basi kama hatuwaamini wengine kuwasafirisha watoto wetu, tuwasafirishe wenyewe. Familia tatu au nne zinatosha kujaza matatu moja. Chakula tunapika nyumbani, kwa hiyo suala la nyama limekwisha. Baba yupo, mama yupo, kaka zao wapo, kwa hiyo suala la binti nalo limekwisha. Swala tutaswali kwenye majani. Wanaotoka Kampala ni wasafiri, watapunguza. Sisi wa Mbale hatufiki kilomita 80, tutaswali kamili. Udhu chukueni kwa birika, msiinamie ukingoni. Na tusimwage maji ovyo kwa kuwa mto ni mkubwa: iko hadithi ya Ibn Majah inayokataza israfu ya maji hata kwenye mto unaopita, ingawa wanazuoni wameizungumza sanadi yake.

Jambo moja tusilichezee. Mlima huu una maporomoko mengine, ya udongo. Bududa mwezi Machi 2010, na Bulambuli Novemba 2024, vijiji vilifukiwa na watu wengi wakafa, Allah awarehemu. Mvua ikishika siku kadhaa mfululizo, safari iahirishwe, hata kama nauli imeshalipwa. Na kwenye njia za kushukia chini kwenye maji tuchukue kijana wa pale atuongoze. Ni riziki yake, na yeye anajua jiwe lipi linateleza. Watoto wadogo washikwe mkono muda wote, wasiachiwe kaka zao.

Kina mama, buibui linaloburuta ni hatari kwenye mteremko ule, vaeni la kufika kifundoni na viatu vyenye meno, kandambili ziacheni nyumbani. Wachukulieni watoto nguo za kubadilisha. Rasharasha itawalowesha hata mkisimama mbali, na kule juu kuna baridi.