Nani Hulisaili Swali?

Muhula uliopita niliandaa jaribio la mtandaoni kwa darasa la wanafunzi wapatao mia tatu, hapa Mwanza. Chombo cha kutungia maswali ni chepesi mno: unaandika swali, unaweka machaguo manne, unateua moja kuwa sahihi, unahifadhi. Mfumo husahihisha kabla mtahiniwa hajainuka kitini.

Swali moja liliuliza kilichosababisha kutoweka kwa spishi nyingi za furu katika Ziwa Victoria. Niliteua sangara, aliyepandikizwa ziwani katika miaka ya 1950. Alasiri hiyohiyo mwanafunzi mmoja kutoka Ukerewe alinijia ofisini. Alikuwa amechagua kuchafuka kwa maji, akapata sifuri. Kwa adabu, alinikumbusha utafiti uliofanyika papa hapa, katika Ghuba ya Mwanza, ukachapishwa mwaka 1997: maji yakipoteza uangavu, furu jike hushindwa kumtambua kwa rangi dume wa spishi yake, na spishi huchanganyika hadi kupotea.

Nilifungua takwimu za swali. Waliofanya vizuri katika maswali mengine ndio waliolikosa hilo kwa wingi. Wajuzi wa upimaji wanaijua dalili hiyo: mwenye kosa ni swali, si mtahiniwa. Nililifuta, nikarekebisha alama za wote. Kilichoninyima usingizi ni kingine. Ningeweza kulibadili jibu usiku, kimyakimya, na mfumo tunaoutumia usingehifadhi jina la aliyebadili wala saa.

Msiseme hili ni dogo la darasani. Mwaka 2012 ilibainika kwamba wanafunzi zaidi ya 5,000 wa kidato cha kwanza hawakujua kusoma na kuandika, ilhali walikuwa wamefaulu mtihani wa darasa la saba wa kuchagua majibu. Leo Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma nayo huendesha usaili wa mchujo kwa kompyuta mikoani, na kijana wa Sengerema hana haja tena ya kukopa nauli ya Dodoma kwa hatua hiyo. Naipongeza bila kusita. Lakini kijana huyo akikutana na swali bovu kama langu, atabisha hodi mlango wa nani?

Ndugu zangu watumishi wa umma, mlio na ufunguo wa benki za maswali, mwachieni msailiwa njia ya kulipinga swali na kujibiwa kwa maandishi. Swali lisomwe na mtu wa pili asiyelitunga. Kila badiliko libaki na jina na tarehe. Gharama yake ni ndogo kuliko posho ya kikao kimoja.

Alipokuwa akiondoka, mwanafunzi yule aliniuliza ni mangapi mengine ya namna ile yamo katika benki yangu. Sikuwa na jibu. Nimeanza kuyapitia moja moja. Hadi jana nilikuwa nimefika la tisini, na kumi na moja nimeyaondoa.