Msituambie mbao

Juzi mgeni wa mradi alikuja hapa Custom akatazama mchoro wetu wa amplifaya ya gita, ile ya valvu, akasema, "Kwa nini chuma? Tumieni mbao, mnazo." Akatutajia Konono No. 1 wa Kinshasa, waliotengeneza maikrofoni kwa sumaku za magari mabovu. Konono nawapenda sana. Lakini jamani, sumaku haiui mtu.

Valvu zinataka volti 300 na zaidi. Kapasita zinabaki na umeme hata ukishazima. Halafu kuna jambo wageni hawalijui: nyuzi za gita zimeungana na amplifaya kupitia kebo. Waya wa umeme ukichomoka ndani ukagusa pasipofaa, anayepigwa shoti ni kijana aliyeshika gita. Chasisi ya chuma yenye ethi, iliyofungwa kwa boliti yake peke yake, inaupokea umeme huo na fyuzi inakatika. Na iwe ethi ya kweli, siyo tundu la tatu la soketi lisilo na waya nyuma yake, maana hizo tunazo nyingi.

Tunaomba bati la chuma la milimita 1.5, basi. Transfoma ni nzito, bati jembamba litapinda. Tumeshazichora mbili zikae pembe mraba, zisije zikaimba zenyewe. Mafundi wa kukunja na kuchomelea wapo hapahapa, hatuhitaji mtaalamu wa ndege.

Chai ya semina ilipatikana. Bati tuliambiwa halimo kwenye bajeti.