Mnyama wa stori za babu kumbe yupo!

Wiki hii nipo Tukuyu, pale Bulyaga, na baridi ya huku haina adabu. Koti nililotoka nalo Dar nimegundua ni shati tu. Mvua ilipotubana kibarazani nikawauliza washikaji wa bodaboda: nani kati yenu amewahi kumwona kipunji? Kimya. Mmoja akasema, "Hiyo si baa mpya, braza?"

Jamani! Mlima Rungwe ule pale, mawingu yakipisha unauona, na msituni mwake anaishi kima ambaye hapatikani nchi nyingine yoyote. Manyoya ya kahawia, uso mweusi, nywele za utosini zimesimama kama za kijana aliyetoka saluni, na mlio wake ni kama mbwa aliyemeza honi.

Sikilizeni alivyojulikana. Mwaka 2003 watafiti wa WCS, shirika la Marekani la kuhifadhi wanyamapori, wakiongozwa na Tim Davenport, walikuwa wakiwauliza wawindaji wa Kinyakyusa: humo msituni kuna nini? Kati ya majina waliyotajiwa likatoka la kipunji. Wataalamu wakadhani ni kiumbe wa hadithi. Mwaka huo huo wakamwona juu ya mti! Mwaka 2004 watafiti wengine wakamkuta Ndundulu, kule Udzungwa.

Walipomtangaza mwaka 2005 walikuwa na picha tu, wakamweka kwenye kundi lisilo lake. Baadaye mmoja akafa kwenye mtego wa mkulima shambani, na vipimo vya DNA vikaonyesha kuwa yuko karibu zaidi na nyani. Mwaka 2006 akapewa jenasi yake mwenyewe, Rungwecebus, jenasi mpya ya kwanza ya kima Afrika tangu 1923. Na ikabeba jina la mlima wenu, mnaona?

Kazi yenyewe haina raha. Unapanda matope alfajiri, unalifuata kundi moja kutwa, unaandika kila wanachokula, halafu unaokota kinyesi kutafuta mbegu. (Ndiyo, kuna watu wamesomea hilo.) Na kinyesi ndiyo stori yenyewe. Kima anakula tunda hapa, mbegu anaiangusha kule, mti unaota. Waondoe wala matunda, msitu unazeeka bila watoto, na msitu huo ndio unaoshika maji ya mito yenu.

Hesabu iliyotoka mwaka 2008 ilipata kipunji kama 1,100. Ya mwaka 2022 ilikaribia 2,000, kwa hiyo ulinzi umesaidia. Lakini wapeleke wote Uwanja wa Sokoine, Mbeya, utadhani mechi imeahirishwa.

Babu mmoja muuza ndizi, aliyekuwa kimya muda wote, akacheka. "Mnasema wamemgundua? Sisi tukiwa watoto tulikuwa tunamfukuza kwenye mahindi." Akatuigia na mlio. Kibaraza kizima kikaangua kicheko, isipokuwa yule wa baa, ambaye kumbe ana shamba jirani na msitu.

"Sawa, braza," akaniambia, "nimeelewa mbegu, nimeelewa maji. Sasa akila mahindi yangu, nani ananilipa?"

Nikamgeukia babu. Babu akaitazama mvua.