Swali la Mbunge ni Haki ya Mpiga Kura

Imeenea katika nchi yetu imani moja, inenwayo barazani na kushangiliwa katika mikutano ya hadhara, hata ikakubaliwa na watu ambao kwa elimu na umri wao ilipasa waikatae, ya kwamba mbunge mwema ni yule aletaye barabara, kisima na zahanati, na kwamba yule asimamaye Dodoma kumhoji waziri juu ya deni la taifa, mikataba ya umeme au maandalizi ya ukame na mafuriko ni mkorofi apendaye kusikika, tena apotezaye wakati wa Serikali. Imani hiyo ni batili, na madhara yake ni makubwa, kwani humzoeza mpiga kura kupokea haki yake kana kwamba ni sadaka.

Katiba ya mwaka 1977 haikumtuma mbunge kujenga barabara, maana fedha na watendaji wa kazi hiyo wamo mikononi mwa Serikali. Ibara ya 63 imeliweka Bunge kuwa chombo kikuu cha kuisimamia na kuishauri Serikali kwa niaba ya wananchi, na katika kuzitaja njia za kuitimiza dhima hiyo imetanguliza ile ya kumwuliza waziri swali lolote kuhusu mambo ya umma yaliyo katika wajibu wake. Ni dhahiri basi kwamba kuhoji si ufidhuli ambao mbunge huvumiliwa kwa hisani ya wakubwa, bali ndiyo kazi ya kwanza aliyotumwa, na aliyekaa kimya miaka mitano hakuifanya.

Anayedai kwamba maswali hayazai kitu na aukumbuke mwaka 2006. Mvua zilikuwa haba, mto Ruaha Mkuu ukapungua, maji ya bwawa la umeme la Mtera yakashuka, na nchi ikaingia katika mgawo wa umeme uliowatia hasara wenye viwanda na mafundi wa mitaani. Katika dhiki hiyo, mwezi Juni, ilitiwa saini mikataba ya dharura, mmojawapo na kampuni ya Richmond iliyopaswa kuleta mitambo ya megawati 100. Mitambo haikufika kwa wakati, na mwaka ulipokuwa ukiisha mkataba ukahamishiwa kampuni ya Dowans. Ukame ulikuwa majaliwa ya Mwenyezi Mungu, lakini mkataba ulikuwa tendo la watu, na mahali ambapo hakuna mwenye kuyatenganisha mambo hayo mawili, kila taksiri ya mwanadamu husingiziwa mbingu. Lililoyatenganisha ni Bunge. Kamati Teule iliyoundwa Novemba 2007 chini ya uenyekiti wa Dk. Harrison Mwakyembe iliita mashahidi na kupekua nyaraka, na ripoti yake iliposomwa Februari 2008 ikaeleza kwamba kampuni ile haikuwa na uwezo wa kazi iliyopewa, Waziri Mkuu Edward Lowassa, huku akilalamika kwamba Kamati haikumhoji, alijiuzulu, mawaziri wawili wakajiuzulu naye, na Baraza zima la Mawaziri likavunjwa.

Wapo wasemao kwamba mbunge wa chama kinachotawala akiwabana mawaziri amekisaliti chama chake. Basi na wajibu: Mwakyembe alikuwa wa chama gani, na Spika Samuel Sitta aliyeliongoza Bunge lile alikuwa wa chama gani, kama si Chama Cha Mapinduzi, ambacho ndicho kilichokuwa cha Lowassa pia? Chama hakikufa kwa maswali yale, wala nchi haikukosa Serikali.

Wengine watasema kwamba fedha hazikurudi, na kwamba mwaka 2010 baraza la kimataifa la usuluhishi liliiamuru TANESCO, shirika la umeme la taifa, kuilipa Dowans zaidi ya dola milioni 60 za Marekani. Ni kweli, nami naishika kweli hiyo kuwa burhani yangu, kwa sababu Kamati iliundwa zaidi ya mwaka mmoja baada ya saini, wakati taifa limekwisha kufungwa na maneno ya mkataba. Na swali linalochelewa hufichua kosa lakini aghalabu haliokoi mali.

Barabara huonekana kwa macho, na ikiharibika hata mtoto ataisema. Riba ya mkopo haionekani, wala fungu la maafa lililopunguzwa katika bajeti, wala mto unaokauka mbali na jimbo la mbunge. Bwawa la Nyerere katika Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115 na lililogharimu zaidi ya shilingi trilioni 6, hupokea pia maji ya Ruaha Mkuu, mto ambao tangu miaka ya 1990 umekuwa ukikatika katika baadhi ya sehemu zake wakati wa kiangazi. Mbunge wa jimbo lililo mbali na mto huo anayeuliza nani analinda ardhi oevu ya Usangu, yanakopita maji yake, anaulizia taa za wapiga kura wake, na akikaa kimya amewasahau.

Hata hivyo insafu inanilazimu kukiri kwamba wapo wabunge walioidhalilisha silaha yao. Ifikapo saa tatu asubuhi swali la msingi huulizwa, waziri au naibu wake husoma jibu lililoandikwa, kisha hufuata maswali mawili ya nyongeza. Na mara nyingi swali ni lile la kuomba, je, Serikali ina mpango gani, nalo jibu ni lile la kuliwaza, kwamba kazi itafanyika kadri fedha zitakavyopatikana. Mwenye kuuliza hivyo amempa waziri mlango wa kutokea. Na aulize zimetengwa shilingi ngapi, zimetoka ngapi, nani amekabidhiwa, kazi itakwisha tarehe gani, na ahadi iliyotolewa katika mkutano uliopita imefikia wapi. Na asiporidhika, aishike shilingi ya mshahara wa waziri katika Kamati ya Matumizi, asiiachie kwa maneno matamu. Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari la umma halifunguki ila kwa swali lenye tarakimu.

Lakini mbunge hujifunza kwa yule anayempigia kura. Maadamu tunamshangilia kwa mabati na jezi za mpira, atatuletea mabati na jezi, nayo mabilioni yatapita juu ya vichwa vyetu bila mtu kuyahesabu. Basi atakaporudi jimboni na kusimama jukwaani, tumwulize swali lipi alilouliza juu ya fedha zetu na juu ya mvua na ukame wetu, alimwuliza waziri gani, alijibiwa nini, na baada ya jibu lile alifanya nini. Na akikosa la kusema, kura tumpe mwingine.