Sisimizi Hawana Kosa, Kosa ni la Chupa

Wenzangu wa kalamu, tukiri kwanza. Nani kati yetu hajawahi kuandika insha ya sisimizi? Mdudu mdogo, mwenye bidii, mwenye umoja, asiyejua uvivu. Mwalimu akatupa alama nzuri, tukavimba vichwa. Jioni tukamkuta sisimizi yule yule kwenye kopo la sukari, tukapiga kelele: "Mama, leta dawa!"

Ni hiyo dawa ninayotaka tugombane juu yake leo.

Huku kwetu Kiseke unaamka asubuhi unakuta mstari mweusi umetoka kwenye ufa wa ukuta, umekatiza sakafu, umepanda kabati hadi kwenye dagaa ulionunua jana pale Mwaloni, Kirumba. Jirani ana jibu tayari. Anakuja na chupa ya soda iliyozibwa kwa kipande cha nailoni, ndani mna kitu cheupe kama maziwa. Kapimiwa na mtu aliyebakiwa na dawa ya pamba. Ukimwuliza inaitwaje, anacheka: "Inaitwa wanakufa tu." Basi inamwagwa ukutani, chini ya mtungi, nyuma ya gunia la unga. Sisimizi wanalala chali, watu wanashangilia. Siku ya nne msafara umerudi. Safari hii iko miwili.

Jamani, mlitegemea nini? Wale mnaowaona ni vibarua tu, waliotumwa kutafuta chakula. Malkia yuko ndani ya kichuguu anataga mayai, hana habari na chupa yenu. Kibarua mmoja akipata sukari hurudi akiacha harufu njiani, na wenzake wanaifuata kama abiria wanaofuata sauti ya konda. Tena wapo wale wadogo wa rangi ya manjano, wataalamu huwaita Monomorium pharaonis, ambao ukiwapiga dawa ya kunyunyiza kundi lao hugawanyika na kuhamia sehemu mbalimbali za nyumba. Umefukuza kundi moja, umezalisha matatu!

Futa ile njia kwa maji ya sabuni, harufu ife. Ziba ufa. Sukari ikae kwenye kopo lenye mfuniko unaobana, vyombo visilale na mabaki. Bibi zetu walisimamisha miguu ya kabati kwenye makopo ya maji, nasi tukawaona washamba. (Maji yenyewe yabadilishwe, la sivyo utafuga mbu.) Ni kazi ya kuchosha, sikatai, na haina shangwe ya kuona maiti. Labda ndiyo sababu hatuipendi.

Mnakumbuka mwaka 1999? Wavuvi wengine walikuwa wanatia sumu za shambani ziwani ili wapate samaki kwa urahisi, Umoja wa Ulaya ukafunga mlango kwa samaki wa Ziwa Victoria. Mwanza nzima ililia, kwa sababu viwanda vya minofu ya sangara vilitegemea soko hilo. Kila mtu aliwalaani wale wavuvi: wauaji, hawana utu! Leo aina ile ile ya sumu tunaimwaga sentimita chache kutoka kwenye sufuria ya ugali, na hakuna anayelaani. Ama tumbo la Mzungu ndilo tumbo? Endosalfani, iliyopigwa sana kwenye pamba, iliingizwa mwaka 2011 katika orodha ya Mkataba wa Stockholm ya kemikali za kuondolewa duniani. Sasa wewe unayenunua ya kupimiwa, utajuaje kilichomo?

Nasema kwa uchungu kwa sababu mdogo wangu, miaka mitano, aliiona chupa ya soda akadhani ni soda. Funda moja. Mate yakamtoka kama bomba, jasho, mboni za macho zikawa ndogo kama tundu la sindano. Watu wakakimbilia kutafuta maziwa, na tulipoteza muda hapo tukibishana kama ni fresh au mgando. Alipona. Daktari aliuliza swali moja tu: "Amekunywa dawa gani?" Nyumba nzima tukatazamana.

Najua mtanijia na siafu. Sawa, siafu si mchezo. Wakiingia usiku unambeba mtoto mchanga na kuwafungulia kuku. Lakini wazee waliwapisha, wakarudi asubuhi wakakuta hata mende wameliwa. Na mchwa msiwaingize hapa, mchwa ni ukoo wa mende, ingawa mmoja wao alinilia hadithi fupi mbili chini ya kitanda na bado sijamsamehe.

Sasa ninyi mnaojiita waandishi. Tunagombania kurasa za jarida hili kwa mashairi ya mapenzi, na chupa inayoweza kumuua mtoto haina hata neno moja. Ile ya dukani maelezo yake mara nyingi ni Kiingereza, herufi kama mchanga. Hii ya kupimiwa haina kitu kabisa. Mimi nilichana karatasi ya daftari, nikaibandika kwenye chupa ya jirani kwa gundi: SUMU, SI SODA. Alininunia wiki nzima. Akasema namwaibisha kwa wageni. Lakini chupa imehama kwenye kabati la vikombe, siku hizi iko juu kabisa kwenye kenchi, na kile kikaratasi hajakibandua.